Uzi maalumu: Kinyonga wa kufugwa akiumwa – dalili, vipimo na tiba

#1 Pembe3

Wadau, uzi huu ni wa afya ya kinyonga aliye kizimbani, basi. Wanaoulizwa sana ni wawili: kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, anayezalishwa na wafugaji Ulaya, Marekani na Ghuba, na yule wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru. Magonjwa yao yanafanana, ila wa Yemen huota kwenye nyuzijoto 29 hadi 31 bila shida, wakati wa pembe tatu kwa joto hilo anaanza kuteseka. Kwa hiyo anayeomba msaada ataje kwanza aina, jinsia, umri na uzito kwa gramu. Bila hivyo tutakuwa tunabahatisha na uhai wa mnyama.

Kinyonga huficha ugonjwa. Porini aliye dhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo atajikaza kupanda na kula mpaka nguvu zimwishie. Ukimkuta sakafuni amefumba macho, ujue ugonjwa una wiki kadhaa. Tunachotafuta ni dalili ndogo za kabla ya hapo.

Anza na macho. Mzima huyazungusha, kila moja upande wake, tangu mwanga unapowaka hadi unapozimwa. Kufumba jicho mchana si usingizi, ni ugonjwa, hata kama bado anakula. Jicho lililozama ndani ni upungufu wa maji au mnyama amekonda.

Kisha choo. Kina sehemu ya kahawia na sehemu nyeupe kama chokaa. Hiyo nyeupe ndiyo mkojo wake. Ncha ikiwa na unjano kidogo, hakuna neno. Ikiwa yote ni ya chungwa, hanywi maji ya kutosha. Choo cha majimaji chenye harufu kali, utelezi au damu kipelekwe maabara.

Mshiko: mweke kwenye kijiti usikie anavyokibana. Akishika mguu wake mwenyewe badala ya tawi, akikosea hatua au akitetemeka anapotembea, soma habari za mifupa hapa chini leo hii.

Rangi huwachanganya wengi. Asubuhi anakuwa mweusi ili apate joto haraka, usiku anapauka; yote ni kawaida. Mbaya ni kubaki mweusi au kijivu mchana kutwa ilhali joto lipo.

Na mizani. Ya jikoni inayosoma gramu 1 inatosha. Mpime kila wiki, siku ileile, kabla hajala, uandike. Akipoteza asilimia 10 ya uzito bila kutaga wala kuzaa, usisubiri dalili nyingine.

#2 Daktari_Kijani

Pembe3 ameanza vizuri. Nachukua ugonjwa wa mifupa, kwa sababu ndio unaoua na kulemaza vinyonga wachanga kuliko kitu kingine, na unazuilika kabisa.

Kinyonga akikosa mionzi ya UVB, ile isiyoonekana kwa macho iliyomo kwenye jua, hatengenezi vitamini D3 ya kutosha. Bila D3, kalsiamu anayokula hainyonywi tumboni. Mwili unahitaji kalsiamu ili misuli na moyo vifanye kazi, kwa hiyo unaikopa kutoka kwenye mifupa. Mapaja yanapinda, viwiko vinaonekana kama vina kiungo cha ziada, taya linakuwa laini, mbavu zinaingia ndani. Mapema kabisa utaona ulimi: analenga mdudu vizuri, anaurusha nusu njia, au anaacha kuurusha na kumdaka mdudu kwa taya. Watu husema “amekuwa mvivu”. Si uvivu, misuli imekosa kalsiamu.

Taa: chukua taa ya UVB ya mrija mwembamba, T5, ya asilimia 5 au 6, si balbu ndogo ya kujipinda. Weka sentimita 20 hadi 30 juu ya tawi la kuotea. Mwenye kipimo cha UVI, yaani nguvu ya mionzi hiyo, atafute 3 hapo mgongoni mwake. Wavu wa juu ya kizimba unaweza kukata theluthi ya mionzi au zaidi, kwa hiyo umbali upimwe huku wavu upo. Mrija wa T5 hubadilishwa baada ya miezi 12 hata kama bado unang'aa, kwani UVB huisha kabla ya mwanga.

Chakula: nyenje na mende wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mwili unataka kinyume chake, takriban kalsiamu 2 kwa fosforasi 1. Mpake mdudu unga wa kalsiamu usio na D3, kwa wembamba tu, kwenye karibu kila mlo. Unga wenye D3 na vitamini nyingine ni mara 2 kwa mwezi. Wadudu nao walishwe saa 24 kabla: sukuma wiki, majani ya mlonge, karoti, kiazi kitamu. Mchicha usiwe chakula chao kikuu, una oksalati inayofunga kalsiamu.

Akishapinda: toa matawi ya juu, mshushe karibu na sakafu yenye kitambaa ili asivunjike akianguka, rekebisha taa siku hiyohiyo, na daktari aanzishe kalsiamu ya maji ya kunywesha. Mwenye mitetemeko au degedege anahitaji sindano ya kalsiamu hospitalini, unga hautamfikia kwa wakati. Usimfungue mdomo kwa nguvu, taya laini huvunjika mkononi. Mfupa uliopinda hautanyooka, lakini ulimi na mshiko hurudi ndani ya wiki chache kwa wengi wanaowahiwa.

#3 Lushoto_Juu

Daktari, huku kwetu jua ni la bure. Kwa nini mtu wa Tanzania anunue taa?

#4 Daktari_Kijani

Kama kizimba ni cha wavu na kiko nje, hahitaji. Jua la asubuhi, nusu saa hadi saa nzima, nusu ya kizimba iwe kivulini yenye majani ili achague mwenyewe. Makosa ni mawili. La kwanza ni kumweka nyuma ya dirisha: kioo cha kawaida hukata karibu UVB yote, anapata joto bila faida. La pili ni kumtoa nje ndani ya sanduku la kioo. Joto humo hupanda kwa dakika chache na anakufa umwangaliapo.

#5 BintiMaskati

Assalaam alaykum. Kinyonga wa Yemen, jike, miezi 9, gramu 96, hajawahi kukaa na dume. Kiyoyozi kinafanya kazi mchana na usiku. Siku nne hali chakula, anazunguka sakafuni na kukwaruza pembe za kizimba. Choo cha mwisho cheupe kilikuwa cha chungwa. Ni maji au ni tumbo?

#6 Pembe3

Wa alaykum salaam dada. Yote mawili, lakini kubwa ni mayai. Jike wa Yemen hutaga hata bila dume, kuanzia umri wa miezi mitano au sita. Anatafuta pa kuchimba na hapaoni.

Fanya leo. Chukua ndoo au pipa la plastiki lenye upana wa sentimita 30, ujaze mchanga uliooshwa uchanganywe na udongo usio na mbolea, kina cha sentimita 30. Lowesha mpaka ukichimba shimo kwa kidole lisibomoke, lakini ukiukamua usidondoshe maji. Weka ndani ya kizimba, funika pande kwa shuka, ondoka. Jike akiona mtu anamchungulia huacha shimo, na akishaacha anaweza kuyazuia mayai. Kuchimba na kutaga kunaweza kuchukua siku nzima, hata mbili. Usimsumbue akilala ndani ya shimo.

Maji sasa. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli, hulamba matone majanini. Toboa chupa kwa pini, iweke juu ya kizimba idondoshe tone moja kila sekunde kwa dakika 20 au 30, asubuhi na jioni. Kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo nyunyiza ukungu usiku taa zikiwa zimezimwa, unyevu ufike asilimia 80 au zaidi, kisha mchana majani yakauke.

Haya yakiwa dharura utayajua: amechimba akaacha bila kutaga, amefumba macho, anajikamua, miguu ya nyuma imelegea. Hapo usimalize siku bila daktari. Daktari atapiga eksirei, ataangalia kama yai limekwama au lina umbo baya, na atampa kalsiamu na maji kabla ya oksitosini, dawa ya kusukuma mayai. Oksitosini kwa yai lililoziba njia inaweza kupasua mirija, kwa hiyo usikubali mtu kumchoma kabla ya picha. Ikishindikana ni upasuaji.

Akitaga salama, mpe maji mengi na wadudu wenye kalsiamu kwa wiki moja au mbili. Baada ya hapo punguza: wadudu 3 au 4 siku moja ndiyo, siku moja hapana, na joto la kuotea lisizidi 27. Jike anayeshiba kila siku kwenye joto la 31 hutengeneza mayai mengi kupita kiasi, na kila uzao unamla mifupa.

#7 MtuWaMeru

Niongeze kwa wenye pembe tatu. Jike wao hahitaji ndoo ya mchanga, huzaa watoto hai baada ya mimba ya miezi sita au zaidi. Lakini tatizo lao kubwa ni joto. Tawi la kuotea 26 hadi 27, mchana 21 hadi 24, na usiku washuke chini ya 18. Hata 12 wanastahimili wakiwa wakavu na wana pa kuota asubuhi. Arusha, Nairobi au Lushoto hilo linapatikana bila mashine. Dar es Salaam na Mombasa wakati wa kaskazi usiku haushuki vya kutosha, na mnyama asiyepoa usiku hapumziki. Anapauka, anaachama mdomo, anaacha kula, mwisho figo zinachoka. Akiachama kwenye joto, msogeze kivulini, nyunyiza maji ya kawaida juu ya majani. Usimtumbukize kwenye maji baridi.

Kingine, unga ule wa vitamini kwao nusu ya dozi. Wa pembe tatu hupata uvimbe wa majimaji shingoni na chini ya kidevu, kama amefungwa kola. Mara nyingi ni D3 na vitamini A zimezidi, ingawa figo na ini pia huleta hali hiyo. Simamisha vitamini zote kwa mwezi, acha kalsiamu tupu, maji yaongezwe. Uvimbe usipopungua kwa wiki mbili apimwe damu.

#8 Mgeni_Tanga

Wakuu, wa Yemen, dume, gramu 120. Anapumua akiwa ameinua kichwa juu, mdomo wazi kidogo, na kuna mlio kama kupasuka kwa mapovu. Duka la dawa nimeambiwa nimpe amoksilini ya watoto. Tone ngapi?

#9 Daktari_Kijani

Hata moja usimpe, mkuu. Kwanza soma kipimajoto. Kama tawi ni nyuzi 35, kuachama ni joto tu. Kama joto ni sawa na anainua kichwa ili avute hewa, ute unaonekana mdomoni, basi ni maambukizi ya mapafu. Bakteria wa mapafu ya mijusi kwa kawaida ni wa kundi ambalo amoksilini haiwafikii vizuri. Utapoteza siku saba, naye hana siku saba.

Chanzo karibu kila mara ni kizimba kinacholowa kutwa bila kukauka, hewa haipiti, na usiku wa baridi ukiwa na ukungu. Kwa wa Yemen mchana unyevu wa asilimia 30 hadi 50 unafaa, uso wa majani ukauke kabisa. Pandisha joto la mchana nyuzi moja au mbili, usizidi 32.

Daktari achukue ute wa kuotesha bakteria maabara kabla ya dawa ya kwanza. Wakati majibu yanasubiriwa, antibayotiki inayotumika sana kwa reptilia ni seftazidimu, miligramu 20 kwa kilo ya uzito wake, kila saa 72. Naandika hesabu ili muone hatari ya kukadiria. Gramu 120 ni kilo 0.12, kwa hiyo dozi ni miligramu 2.4. Chupa ya gramu 1 ikichanganywa kufika mililita 10 inatoa miligramu 100 kwa mililita, dozi inakuwa mililita 0.024, ambayo bomba la sindano la kawaida haliwezi kupima. Inabidi iyeyushwe tena ifike miligramu 20 kwa mililita, ndipo uchome 0.12 kwa bomba la insulini. Sindano huingia nusu ya mbele ya mwili, kwenye mkono wa juu, kwa sababu damu ya nyuma hupitia figo kwanza.

Enrofloksasini nayo hufanya kazi, ila ikichomwa huunguza misuli. Jentamisini kwa mnyama aliyekauka ni kumuua figo. Ndiyo maana maji hurudishwa kwanza, halafu dawa.

#10 Lushoto_Juu

Nimeelewa kuhusu antibayotiki. Minyoo je? Dawa ya mbuzi ya asilimia 10 si ni ileile?

#11 MtuWaMeru

Ni ileile fenibendazoli, lakini chupa ni ya mbuzi. Asilimia 10 ni miligramu 100 kwa mililita. Kinyonga wa gramu 120 kwa miligramu 25 kwa kilo anahitaji miligramu 3, yaani mililita 0.03. Matone mawili kutoka kwenye bomba ni kama mililita 0.1, umeshampa zaidi ya mara tatu. Dozi kubwa ya dawa hii huua chembe nyeupe za damu kwenye uboho, mnyama anaweza kufa kwa maambukizi baadaye na hakuna anayejua kwa nini.

Pima choo kwanza. Kiwe kibichi, chini ya saa 24, kwenye kikopo chenye tone la maji, kikae kwenye friji bila kuganda. Maabara yoyote ya mifugo inayoangalia mayai ya minyoo ya mbuzi inaweza kuangalia ya kinyonga. Mwambie mpimaji atafute pia koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, kwa sababu fenibendazoli haiwagusi hao. Rudia kipimo wiki 2 hadi 3 baada ya tiba, na kizimba kioshwe kwa maji ya moto, la sivyo anajiambukiza upya.

Aliyetolewa porini ni jambo jingine. Huja na minyoo ya kila namna, pamoja na nyuzi nyembamba zinazoonekana zikitembea chini ya ngozi. Hizo ukiziua zote kwa mpigo zinaoza ndani yake. Na kisheria usimguse: Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ina yake ya 2013, na karibu vinyonga wote wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ukimwona kwenye ua wako, mwache hapo.

#12 Pembe3

Kuhusu macho na mdomo, kwani vinakwenda pamoja.

Jicho moja limevimba: mara nyingi ni uchafu au ngozi iliyobaki. Ukungu wa maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 humfanya alitunishe na kulisafisha mwenyewe. Likibaki, safisha kwa maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, matone machache, bila pamba. Usitumie dawa yoyote ya macho yenye steroidi kabla daktari hajathibitisha kuwa jicho halina kidonda. Macho yote mawili yamevimba: fikiria upungufu wa vitamini A, hasa kama wadudu hula pumba tu. Hapa dozi itoke kwa daktari, vitamini A hujilimbikiza mwilini na ikizidi ngozi hubanduka.

Mdomoni, usaha wa reptilia hautiririki. Ni mgumu, wa njano, kama jibini. Ukiona punje ya njano kwenye fizi au uvimbe pembeni mwa mdomo pale taya zinapokutana, antibayotiki peke yake haitapenya. Lazima utolewe, pasafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini, iliyopunguzwa hadi asilimia 0.05, na eksirei ionyeshe kama mfupa umeingiliwa. Wa pembe tatu wana kijifuko hapo pembeni kinachooza haraka.

#13 Mgeni_Tanga

Asanteni. Je, kumwogesha bafuni kwa dakika 30 aliyekauka?

#14 Daktari_Kijani

Hapana. Hanywi kwa ngozi, na kumshika muda wote huo kunamchosha. Najua wafugaji wa mijusi mingine hufanya, kwa kinyonga tuache. Mnyweshe kwa bomba lisilo na sindano, tone moja moja pembeni mwa mdomo, asubiriwe ameze. Mililita 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 kwa siku, zigawanywe. Akifungua mdomo usimimine. Tundu la pumzi liko sakafuni mwa kinywa na maji yataingia mapafuni. Asiyemeza kabisa awekewe maji chini ya ngozi hospitalini.

#15 BintiMaskati

Ametaga, mayai 34, jana alfajiri. Leo anakunywa. Swali la mwisho: wadudu wa bustanini wanafaa?

#16 MtuWaMeru

Hongera dada. Mpime leo ili uzito huu uwe msingi mpya wa kulinganisha.

Wa bustanini isiyopigwa dawa, ndiyo: panzi, nzi, vipepeo wa kijivu. Hakikisha jirani pia hapigi dawa, panzi hurukaruka. Urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa chake kati ya macho. Usimpe kabisa kimulimuli: aina nyingine zina sumu ya moyo na mmoja tu huua mjusi. Nyenje wasioliwa watoe jioni, usiku humtafuna vidole na macho akiwa amelala.

#17 Pembe3

Na kwenye hilo la vidole: ngozi iliyobaki ikikaza kidole kama uzi, kidole kitakauka na kukatika. Usivute. Funga kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha sugua taratibu kwa pamba ya kijiti kuelekea kwenye kucha, urudie kesho. Ncha ya mkia ikiwa nyeusi na ngumu, na weusi unapanda, hiyo si ngozi tena, ni nyama iliyokufa. Ikatwe na daktari kabla haijapanda.

Weusi wa kwenye kishungi au mgongoni ni balbu ya joto iliyo karibu. Iwe nje ya wavu, sentimita 20 au zaidi kutoka sehemu ya juu kabisa ya mwili wake, si kutoka kwenye tawi. Kidonda cha kuungua kipakwe krimu ya silva salfadiazini kwa wembamba mara moja kwa siku, ukungu upunguzwe kikae kikavu.

Kilichotoka tundu la haja kikabaki nje, utumbo au uume, kifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sukari nzito ili kisivimbe wala kukauka, na uondoke muda huohuo kwenda kwa daktari. Hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho.

Unapompeleka: kisanduku chenye matundu na kijiti kimefungwa kisicheze, giza, joto la 22 hadi 25, bila bakuli la maji. Chukua choo, daftari la uzito, picha ya kizimba kizima, na pakiti za unga unazotumia. Daktari asiyewahi kumtibu kinyonga bado anaweza kupiga eksirei na kupima choo; Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha tiba ya wanyama, pa kuanzia papo. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumgusa, hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike.